Nimewapatanisha Wataalamu kwa Uongo, Sasa Ripoti Haipatani

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu hapa kazini kila mtu ananisifu, na sifa zenyewe zimeanza kunikosesha raha. Mimi ni mratibu wa miradi katika taasisi inayochunguza mabadiliko ya tabianchi, kazi yangu ni kuwakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali wafanye utafiti mmoja, na mradi nilionao sasa una vigogo wawili, mmoja tunamwita Mawingu, bingwa wa kupima mvua, anakaa ghorofa ya tatu na kompyuta zake, mwingine tunamwita Mama Dodoso, mtaalamu wa mambo ya jamii, yuko chini karibu na stoo, amezungukwa na maboksi ya majibu ya wakulima, na hawa wawili tangu siku ya kwanza walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Wakawa wanazungumza kupitia kwangu. Mawingu aliposoma kurasa za kwanza za mwenzake aliniambia, "Kamwambie huu ni umbea uliotiwa namba za kurasa." Mimi nimekulia kati ya mama na shangazi waliokuwa hawasemeshani, nilijifunza mapema kwamba maneno hupozwa njiani kama uji, basi nikashuka ngazi polepole, nilipofika chini nikasema, "Anasema kazi yako imejaa sauti za watu, ila angependa namba zaidi." Mama Dodoso akatabasamu. "Kumbe ni msikivu," akasema. Lakini alipoziona ramani za Mawingu naye akanituma: "Mwambie hizi zinafaa kupamba ukuta, hakuna binadamu anayeishi humo." Nikapanda. "Anasema ramani zako zinapendeza sana, angetamani kuona na watu ndani yake." Mawingu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu mama ana jicho."

Nimeendelea hivyo miezi minane. Sasa wanasalimiana, wanashikiana mlango, mkurugenzi anatutolea mfano kwenye vikao, na nyumbani mume wangu, ninayemweleza yote, ananiita mkalimani wa lugha mbili na mwongo wa zote mbili.

Wiki iliyopita nilikaa kuunganisha sura zao, nikakuta hazipatani. Sura ya Mawingu inasema eneo letu limepata ukame mara tatu katika miaka ishirini. Sura ya Mama Dodoso inasema mara tisa. Eneo ni lile lile, miaka ni ile ile. Nikarudi kwenye daftari langu ndipo nikaelewa, kwa Mawingu ukame ni pale mvua ya msimu mzima inaposhuka chini ya kipimo fulani, kwa Mama Dodoso ni pale visima vinapokauka na watu wanapoacha kupanda, na kibaya zaidi, mshauri, walishaulizana. Mwezi wa tatu Mama Dodoso alinituma: "Muulize, mvua yote ikimwagika wiki mbili halafu miezi mitatu pakavu, yeye anaita nini?" Nikaona ni uchokozi, nikamwambia Mawingu, "Anaulizia habari za mvua." Na Mawingu aliposema, "Mwambie neno ukame halitumiki ovyo," mimi nilishuka nikasema, "Anakusalimu."

Ripoti inatakiwa baada ya wiki mbili, na wakubwa wa maji wataitumia kuamua vijiji gani vichimbiwe mabwawa. Mawingu ameshaandika hotuba ya kumshukuru mwenzake kwa maneno mazuri ambayo mwenzake hajawahi kuyasema. Nimefikiria kuandika "mara kadhaa" katika sura zote mbili, kila mtu aelewe anavyotaka. Nisaidie, kwani nikisema kweli naogopa nitavunja urafiki, na nikinyamaza sijui nitakuwa nimevunja nini.

Ni mimi, Mratibu wa Maneno Matamu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka kwenye hiyo salamu mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini, kisha nikasoma habari ya mabwawa na kicheko kikakatika.

Roho mbaya huna, hilo naliona. Umewavumilia watu wawili wagumu miezi minane, umepanda na kushuka ngazi, na wewe ndiye uliyeliona kosa ambalo wasomi hao hawakuliona. Lakini nisikilize. Ulidhani unawaondolea matusi, kumbe umewaibia ugomvi, na ugomvi huo ndio uliokuwa kazi yenyewe. Yule mama aliuliza swali la maana kuliko yote katika mradi wenu, wewe ukaligeuza maongezi ya kupoteza muda. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeuficha wa timu nzima.

Hiyo "mara kadhaa" ifute kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Kuna watu watakosa maji kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Kesho asubuhi nenda kwa kila mmoja peke yake, sema ulibadilisha maneno yao na uombe radhi. Usiwasomee orodha ya matusi, ila mmoja akikuuliza mwenzake alisema nini hasa, mjibu. Siku hiyo hiyo wakalishe meza moja na sura zote mbili, peleka lile swali la mwezi wa tatu kama lilivyosemwa, kisha shika kalamu, andika wanachosema, na mdomo ufunge. Mkurugenzi umwambie mapema kwamba ripoti itachelewa. Akinuna, mwache anune. Urafiki wao kama ni wa kweli utastahimili, na kama haukuwa wao bali ulikuwa wako, basi waache watafute wa kwao.

BAADA YA WIKI NNE ALITUANDIKIA TENA

Mshauri, nilifanya ulivyosema. Nilianza kwa Mama Dodoso. Akauliza, "Kwa hiyo hakusema kazi yangu ina sauti za watu?"

"Hakusema."

"Alisema nini?"

"Umbea uliotiwa namba za kurasa."

Alicheka mpaka akashika boksi asianguke. "Basi tuko sare," akasema.

Mawingu ndiye aliyeumia. Alifunga mlango, kikao cha siku ile hakikufanyika, nikajua nimeharibu. Kesho yake akashuka mwenyewe mpaka chini, hajawahi, akasimama kati ya maboksi na kumwambia mwenzake, "Hiyo miezi mitatu mikavu. Nionyeshe ni mwaka gani." Walikaa hapo mpaka mchana, nami nikiandika. Walipata vijiji kumi na kimoja ambako mvua ilitosha kwenye vipimo vya Mawingu lakini visima vilikauka vyote. Vijiji hivyo sasa vina ramani yake, na ripoti inaeleza waziwazi hesabu mbili na sababu yake. Tumechelewa siku kumi, mkurugenzi alinuna, akasaini.

Jana nilipita nje ya chumba cha Mama Dodoso nikawasikia wanabishana juu ya neno "mafuriko", sauti zimepanda. Mkono ulishafika kwenye kitasa. Nikauondoa, nikaenda zangu kula.