Hana Msiba, Anakimbia Tu

Maji ya Chai, Arusha
Jumapili, baada ya misa

Kwako Dada Agnes,

Shikamoo dada yangu. Mimi mdogo wako Stella ni mzima, ila kikohozi cha baridi ya huku kinanisumbua kidogo, na bado nipo jikoni kwa shule ileile, nakoroga uji wa bweni zima. Habari za Mbinga? Mvua zimefika? Kahawa imechanua? Na mguu je? Naam, nimeuliza. Kwenye simu kila nikitaja mguu unasema mtandao mbaya, unanikatia. Barua haikatiki. Labda uichane, na najua huwezi kuchana karatasi yenye mwandiko wangu.

Mwanao Neema ameniambia yote. Kwamba tangu upate kile kiharusi, daktari alikuambia utembee kila siku, hata kidogo, la sivyo mguu utakakamaa. Na kwamba hujatoka nje miezi yote hii kwa sababu hutaki majirani wakuone ukiuburuta. Dada, nilikasirika mno. Halafu nikatulia, nikaona sina haki ya kukugombeza kabla sijakueleza aibu yangu mwenyewe, niliyoificha zaidi ya mwaka. Mimi siku hizi nakimbia. Usicheke.

Ilianza kwa ndoo ya maharage. Niliipandisha kutoka stoo, ngazi tano tu, nikafika juu nahema mpaka nikakaa sakafuni. Mwalimu Kaaya, mwalimu wa michezo, Mmeru wa hapahapa, akaniona. Akaniuliza umri, nikamwambia arobaini na nne. "Kesho uanze," akasema. "Kimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, halafu tembea nguzo mbili. Ukipumua vizuri, rudia." Nikamuuliza, nikimbie niende wapi? "Huendi popote. Unarudi hapahapa." Nikamwona hamnazo.

Asubuhi nikavaa suruali ya mazoezi, juu yake nikajifunga kitenge, maana unajua tulivyolelewa, nikashika njia ya mashambani nyuma ya shule. Hata nguzo sijaifikia, bibi mmoja aliyekuwa anapalilia akanyanyua kichwa. "Wee! Nani kafa?" Sikumjibu, pumzi ningeitoa wapi? Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikothibitisha. Akatupa jembe, akanifuata. Jirani yake naye akafuata. Mwenye bodaboda akageuza pikipiki. Mtu mzima mwenye kitenge kiunoni anakimbia asubuhi yote ile, hata kwetu ungefikiri nini? Nilipoikumbatia nguzo, wote tukasimama.

"Ni wapi?" akauliza bibi.

"Wapi nini?"

"Moto! Msiba! Wapi?"

Nikasema nafanya mazoezi. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kulia.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini mimi nilikisikia masikioni siku nzima. Wiki tatu sikukanyaga njia ile. Hata kanisani nilizunguka kwa barabara ya lami ili nisikutane nao. Kwa hiyo ujue, dada, hofu ya macho ya watu naijua vizuri sana.

Aliyenitoa ni bibi yuleyule wa jembe, jina lake Bibi Ndeshi. Siku moja alileta ndizi za kuuza shuleni, akaja mpaka dirisha la jikoni. "Mbona hukimbii tena?" akaniuliza kwa ukali. "Nimeshawatangazia wote kwamba huyu hana msiba, anakimbia tu. Sasa unataka nionekane mwongo?" Kesho yake nikatoka.

Tatizo likawa salamu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa hasalimiwi huku unapita, unasimama. Basi kila mzee njiani nasimama, shikamoo, za nyumbani, mifugo je, na wajukuu je. Nguzo nne zikawa zinanimalizia asubuhi nzima, huku uji unanisubiri. Bibi Ndeshi mwenyewe akachoka: "Nisalimie ukiwa unakwenda, binti. Marahaba yangu itakukuta mbele huko."

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mapaja yalichubuka. Kucha ya kidole gumba cha mguu ikawa nyeusi, ikang'oka. Masika matope ya huku yananata, ukiinua kiatu unainua na shamba la watu. Kuna asubuhi nililia nimeshika nguzo, bila sababu, mwili tu umegoma. Lakini nguzo moja ikawa tatu, zikawa sita, na siku moja nikafika darajani nikagundua kuwa nimesahau kuhesabu. Mlima wa huku ulikuwa wazi mpaka juu, bila wingu. Nilisimama pale nacheka peke yangu, na bahati nzuri hakuna aliyeniona.

Mwezi uliopita Mwalimu Kaaya akaniandikisha mbio za kilomita tano mjini. Wakimbiaji wenyewe, wale wenye miguu myembamba, waliondoka na sikuwaona tena. Tulipofika Ngarenaro nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kumfukuza, mwanamume mwenye fulana nyekundu. Nikampita! Dada, nilijisikia! Mara namwona mzee mmoja Singasinga, ndevu nyeupe hadi kifuani, amesimama mlangoni kwa duka lake la vipuri anagawa maji. Nikasahau kila kitu. Nikasimama, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Sasa kimbia, wanakupita!"

Na kweli, fulana nyekundu huyo akanipita. Nilimaliza wa mwisho kabisa, gari la wagonjwa linanifuata polepole. Watu wote pale uwanjani walikuwa wananitazama mimi, maana hakukuwa na mwingine wa kutazama. Nilidhani aibu itaniua. Haikuniua. Nilivuka mstari, nikapewa soda, nikakaa kivulini nikala chungwa.

Sikuambii haya ili ukimbie. Nakuambia kwa sababu naogopa. Mama alipofariki wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto, nikaanza darasa la kwanza nguo zangu zikiwa kavu na zako zimelowa. Nikija likizo nikukute umelala na mguu umekufa, eti kwa ajili ya macho ya watu, sijui nitakusamehe vipi. Wala sijui nitajisamehe vipi mimi niliyekaa mbali. Ndiyo hivyo, nimesema.

Nisalimie shemeji, umwambie aache kukuletea kila kitu kitandani, upendo wa namna hiyo unakuumiza. Msalimie baba mdogo mwenye mashine ya kusaga, na shangazi anayetuombea kila Alhamisi, aniombee na magoti yangu. Kaka Festo, mkubwa wetu, mwambie zile mbegu za maharage za huku nitamletea mwenyewe.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Neema amenipigia sasa hivi. Anasema alikuwa anajiandaa kupaka chokaa chumbani kwako, akakuta ukuta umechafuka. Alama za kiganja, moja baada ya nyingine, kuanzia kichwani kwa kitanda mpaka mlango wa uani. Za kiganja cha mkono wako ule mzima. Nyingi, anasema, nyingine juu ya nyingine. Aliniuliza apake tu au asubiri, nikamwambia asiguse hata moja. Kumbe mchana wakienda shamba wewe unafika mlangoni peke yako, na hujamwambia mtu.

Dada, sasa fungua.

Mdogo wako akupendaye,
Stella