Mvua ya Mawe Neerpede

Saint-Gilles, Bruxelles
Jumapili, 4 Mei 1997

Kwa dada yangu Rukiya,

Asalaam aleykum. Barua hii ikukute umeketi, umeshakula, na watoto wako karibu yako. Mimi huku ni mzima wa mwili, alhamdulilahi. Mengine utayasoma. Mguu wa mama unaendeleaje? Juma, aliyeniletea barua yako, ananiambia kwamba sasa mama anafika msikitini bila kushikwa mkono. Nilifurahi, ingawa namjua Juma, hapendi kubeba habari mbaya. Shemeji hajambo? Baiskeli za watu bado zinaharibika Kigoma ili na nyinyi mle?

Najua umezoea kumsomea mama barua zangu mara tu unapozifungua. Hii nakuomba uisome kwanza peke yako, mpaka mwisho.

Nianze na kazi. Tangu mwezi wa pili nalima mboga. Utacheka, maana sisi watoto wa fundi cherehani pale Buyenzi hatukujua hata jembe linashikwa upande gani. Shamba liko Neerpede, mwisho wa Anderlecht, mahali ambapo mji umechoka na ng'ombe wameanza. Natoka hapa asubuhi na mapema, nashika tramu mpaka stesheni ya Gare du Midi, kisha basi, kisha miguu. Mwenye shamba anaitwa Florent, mzee Mflamandi, Mbelgiji wa kaskazini, aliyefiwa na mke, Kifaransa chake kizito kama udongo wake. Si mtu mbaya. Akipika supu ya mchana hunionyesha sufuria kwanza, nihakikishe kwamba hakutia nyama ya nguruwe. Ana nyumba moja ya vioo, kuukuu, iliyojengwa na baba yake, na mahema mawili marefu ya plastiki. Nje kuna matuta ya saladi, figili, na puaro, ambayo ni kama kitunguu kirefu kisicho na kichwa.

Hali ya hewa, dada, sijui niiandikeje. Kwetu mvua ikija hujitambulisha. Hapa mwezi wa nne hauna adabu. Asubuhi umande umeganda juu ya majani, unang'aa kama chumvi. Ukifika wakati wa chai unavua koti, jasho linakutoka. Mchana upepo unageuka na theluji nyembamba inaanguka juu ya maua ya miti ya matunda, na jioni jua linarudi kama vile hakuna lililotokea. Kazi yetu ya majira haya yote ni kufunika na kufunua. Tunafungua madirisha ya vioo miche isichemke, tunayafunga isife kwa baridi. Florent haamini siku ya joto yoyote mpaka katikati ya mwezi wa tano. Anasema kuna watakatifu wa barafu ambao lazima wapite kwanza, na aliyepanda maharage kabla yao atalia. Basi na mimi nikawa mtu wa kuogopa mawingu. Sikujua kwamba hofu yenyewe itakuja kwa miguu, kupitia langoni.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Florent alianza kuumwa mgongo, akatafuta mtu wa pili. Akaja kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, anaitwa Crispin, anakaa Laeken. Florent alifurahi kutukutanisha, akasema nyote wawili ni wa Bujumbura, sasa mtakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Yule kijana alinitazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kama vioo vyote vinafungwa au nusu. Nilikuwa nimebeba kasha la miche. Liliniponyoka.

Ile sauti niliijua. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko Kigoma, na mimi sijawahi kukueleza yote ya siku ile kwa sababu mama alinikataza. Asubuhi waliyokuja wale wauaji, mama alinisukuma nyuma ya magunia ya makaa jikoni, akanilalia juu. Kaka yetu Karimu hakuwahi kuingia ndani. Walimkamata uani. Hatukuona mtu, tulisikia tu. Waliulizana kabila lake, maana unajua, watoto wa baba wa huku na mama wa kule, kila upande unawahesabu kuwa wa upande mwingine. Wakawa wanagombania nani ammalize. Ndipo sauti moja, nene, yenye kukwama kidogo mwanzo wa neno, ikasema: "Huyu mimi namfahamu. Mniachie." Wakacheka, wakamwachia. Tukasikia lango. Tangu hapo hatujui Karimu yuko wapi, na mama hakubali asomewe hitima, anasema aliye hai hasomewi.

Sasa mwenye sauti hiyo alikuwa ananiuliza habari za vioo.

Utajiuliza kwa nini sikusema. Ningemwambia Florent nini, kwamba nimesikia sauti? Karatasi zangu za ukimbizi bado ziko ofisini, sijajibiwa. Bado naitwa kuhojiwa, na niliogopa kuanzisha neno litakaloniletea maswali mengine. Kwa hiyo nilibaki. Nilipanda saladi nikirudi nyuma, ili uso wangu umwelekee yeye. Kisu kifupi cha kukatia mboga nilikuwa sikirudishi tena ndooni, nilikwenda nacho mfukoni mwa koti, mpaka ndani ya tramu. Siku moja ya upepo tulikuwa tunafunga plastiki kwa kamba, akaja nyuma yangu kunisaidia kuvuta. Nikageuka na kisu mkononi. Alirudi nyuma, akasema, "Pole, dada." Hakuuliza kitu. Hilo lilinitisha zaidi, maana asiye na hatia angeuliza.

Kisha jioni moja nikiwa natoka kununua mkate, nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara, anatazama madirisha ya nyumba ninayokaa. Laeken iko upande mwingine kabisa wa mji. Hakuwa na sababu ya kuwa pale. Nilingoja nyuma ya gari mpaka akaondoka, nikapanda ngazi mbio, nikasukuma kabati nyuma ya mlango. Kuanzia hapo nilishuka kituo kimoja kabla, nikazunguka kupitia sokoni, nikigeuka kila hatua. Nilikonda hata sketi zikawa zinanivuka. Jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu, aliniuliza kama nina mimba au nina deni. Nilimjibu kwamba ni baridi.

Jumatano iliyopita Florent alikwenda sokoni na gari lake. Alituachia kazi ya kuhamisha miche ya saladi kutoka kwenye vioo kwenda nje, akasema ikiwa mbingu itabadilika tuitandazie kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia. Asubuhi ilikuwa na joto. Nyuki walikuwa wametoka. Sisi wawili tulipiga magoti kila mtu kwenye tuta lake, kimya, na mimi nasikia kila anapopumua. Kabla ya saa sita nyuki wakatoweka. Upande wa magharibi palikuwa na wingu la rangi ya chuma, chini yake weupe unaoshuka kama pazia. Crispin alisema kwamba tuwahi.

Kitambaa kile hakitandazwi na mtu mmoja. Nilishika ncha moja naye nyingine, upepo ukakiinua juu kama tanga, ukanivuta mpaka nikaanguka juu ya miche. Mawe ya kwanza yakapiga mgongo. Yalikuwa makubwa, dada, ukubwa wa yai la njiwa, na yalikuwa yanauma. Nilikimbilia kibanda cha matofali kinamowekwa zana, maana nyumba ya vioo ilikuwa imeshaanza kupasuka, sauti yake kama mtu anayemwaga sahani. Niliingia. Nyuma yangu akaingia yeye, akafunga mlango, akasimama mbele yake.

Sijawahi kuogopa vile, hata nyuma ya magunia, kwa sababu siku ile nilikuwa na mama juu yangu. Nilitoa kisu. Bati lilikuwa linapigwa mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Sijui nani alinifungua mdomo. Nilijisikia napiga kelele maneno yake mwenyewe:

"Huyu mimi namfahamu. Mniachie."

Crispin hakunijia. Alisogea kando ya mlango, akaniachia njia, akaketi juu ya gunia la mbolea, akavua kofia.

"Bon," akasema. "Nilijua unajua. Umefanana naye mno."

Aliniambia kwamba siku ya kwanza alipoiona sura yangu alitaka kurudi Laeken asionekane tena. Wakati wote niliokuwa namwogopa, na yeye alikuwa ananiogopa mimi, kwamba nitamshitaki. Jioni ile alikuja Saint-Gilles ili aseme, miguu ikakataa kupanda ngazi. Nilimwambia aseme sasa, na kisu sikukishusha.

Alisema yeye na Karimu walijifunza ufundi wa magari pamoja, gereji moja, Karimu akimwachia nusu ya chakula chake siku ambazo kwao hakikupikwa. Asubuhi ile alikuwa miongoni mwa wale waliokuja kwetu. Nilingoja aseme kwamba alilazimishwa. Hakusema hivyo. Alisema tu kwamba alipomwona aliyeshikwa ni nani, alimwomba kama vile anataka kummaliza mwenyewe, ili amtoe pale. Wakashika njia ya Gatumba, wavuke mpaka wa nchi kwenda Uvira. Walikaribia. Mbele kidogo wakakuta kizuizi cha barabarani, cha watu ambao hata yeye Crispin hawakumjua. Wakamshika Karimu. Wakamuuliza Crispin: huyu unamfahamu?

Hapo aliigeuzageuza kofia mikononi. Mawe yalikuwa yanapungua nje.

"Nilisema simjui," akasema. "Nilisema nimemkuta njiani."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilidhani nimekwisha kusikia nilichokuwa nakiogopa. Lakini aliendelea. Wale watu hawakumwamini. Wakamgeukia Karimu, wakamwambia: na wewe, huyu ni mwenzako? Sema ukweli, akiwa ni mwenzako mtakwenda wote. Karimu alimtazama Crispin. Kisha akawajibu: "Simjui. Sijawahi kumwona."

Wakamwambia Crispin apite. Alipita. Alisema alitembea bila kugeuka, na alisikia.

Kesho yake alirudi na mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa analima mpunga karibu na pale. Mzee alimwosha Karimu, akamvika shuka lake mwenyewe kuwa sanda, akamswalia. Wakamzika mwisho wa shamba la mpunga, penye mfereji. Crispin anajua mahali hapo na amenichorea. Mchoro ninao. Nitautuma kwa mkono wa mtu tu, si kwa posta.

Nimemwamini, dada, na nitakwambia kwa nini. Lile jibu la Karimu, hakuna aliyelisikia ambaye angekuja kutuambia. Crispin angeweza kuliacha, akabaki mtu aliyejaribu akashindwa. Amelileta yeye mwenyewe, nalo linamhukumu kuliko lolote ambalo ningemtupia mimi.

Tulipotoka jua lilikuwa limewaka. Mawe yalikuwa yanayeyuka kwenye mifereji ya matuta, na saladi zote zilikuwa zimechanwa kama karatasi. Florent aliporudi alisimama langoni, mikono mfukoni. Kisha akasema kwamba mbegu bado zipo, tutapanda tena, twende tuokote vioo. Tukaokota mpaka jioni. Mimi na Crispin tulikuwa kwenye kasha moja, nikawa naitazama mikono yake inavyookota, na kila mara kitu fulani ndani yangu kilitaka kukimbia. Hofu haijanitoka. Ila zamani nilimwogopa yeye, na sasa naogopa kwamba simchukii kiasi ninachopaswa.

Jioni, kwenye kituo cha basi, aliniuliza kama nitamsamehe. Nilimjibu kwamba mwenye kusamehe yuko Kigoma, mguu unamuuma, na mimi si mdomo wake. Akasema niandike jina lake, na mahali anapokaa, mama afanye atakavyo. Basi nimekuandikia: Crispin, anakaa Laeken, wa gereji alikojifunza Karimu. Mama atakumbuka. Nadhani aliwahi kumpikia.

Sasa unajua kwa nini nilikuomba usome peke yako. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama kwa simu pale posta, watu wamepanga foleni nyuma yake wanasikiliza. Mwambie wewe, baada ya swala ya asubuhi, kabla hajachoka. Shemeji awe karibu. Mwambie sasa Karimu anaweza kusomewa hitima. Akikataa kukuamini, usibishane naye. Mwache siku nzima, kisha umweleze lile jibu. Hilo atalijua kuwa ni la mtoto wake. Mwambie lilikuwa neno lake la mwisho, kwamba lilikuwa la uongo, na kwamba aliyeokolewa nalo anapanda saladi pamoja nami na kesho asubuhi nitamkuta shambani.

Nasubiri neno la mama, lolote litakalokuwa. Nimemwambia Crispin na yeye asubiri.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani walionipa nguo za baridi siku ya safari. Mshike mama mkono kwa niaba yangu, ule wa kulia, anapenda hivyo. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Warda