Jumapili ya Tatu ya Matangazo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Sisi wa Magomeni wazima. Mguu unanisumbua, lakini Kariakoo bado unanifikisha.

Unauliza kama baba yako, huyu mwanangu anayenuna, atamkubali mchumba wako. Mimi pia, baba yangu alimkataa babu yako. Kijana wa Songea, anashona nguo kwenye baraza la duka la watu! Machozi ya wakati ule nayaruka.

Ndoa yetu ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama ilivyo desturi. Baba hakuonekana mpaka ya tatu. Mchungaji alipouliza mwenye pingamizi, baba akasimama. Kanisa zima likageuka. Kule upande wa wanaume, babu yako akainamisha kichwa.

"Pingamizi gani, mzee?"

"Sina," baba akasema. "Ila mnamtangaza binti yangu kama yatima. Nimesimama mjue ana baba."

Kisha akamtazama babu yako. "Na wewe fundi, kesho uje unipime koti. Siendi harusini na hili."

Kwa hiyo mwambie baba yako matangazo ni lini, hata akinuna. Na umwekee kiti.

Bibi yako