Wimbo wa Kabeya Kabla ya Kisu

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Mapindo ya suruali za skuli kutwa nzima. Mgongo unauma. Mvua ya Kiingereza imeikalia Alum Rock, mtaa wetu, tangu asubuhi, wateja wanaingia na maji yao na kuyaacha mlangoni. Nikishona naimba Kijapani puani. Mwenye duka kanizoea, haulizi tena.

Jumamosi ya wiki ijayo karaoke, kule mjini Digbeth. Ni sisi watatu tu: mimi, Keiko, Kabeya. Sote tumevuka hamsini na ujana wetu tuliumaliza Japani. Keiko kazaliwa huko. Kabeya alitoka Lubumbashi kwenda kusomea uhandisi Osaka. Mimi nilitolewa Unguja bibi harusi, nikapelekwa Nagoya, marehemu mume wangu Suleiman akiuza magari yaliyotumika. Tunaimba nyimbo za wakati ule tu. Mpya marufuku. Zangu bado sijachagua.

Jumatano, 3 Oktoba

Kabeya kapita dukani na skafu shingoni. Nikadhani baridi. Akaifungua. Uvimbe, mkubwa kama yai, chini ya koromeo. Tezi. Watamkata tarehe kumi na saba. Daktari kamwambia mshipa unaoendesha sauti uko karibu mno na uvimbe. Sauti inaweza kubadilika. Inaweza kupotea.

Kabeya huyu, ambaye akicheka kituo kizima cha basi kinageuka.

"Minataka kuimba mbele banikate," alisema, yaani kabla ya kisu. "Wimbo moya tu. Unichagulie weye, dada Salma. Miye nikichagua nitalia."

Nikasema ndiyo.

Alipoondoka nikashona mguu wa suruali ukafungika chini kama mfuko. Nimefumua.

Jumapili, 7 Oktoba

Treni hadi Sutton Coldfield, kwa Keiko. Nyumba yake kimya, mumewe yuko bustanini na majani yake. Tumemwaga kaseti zote juu ya zulia. Tumecheka mwanzoni, nywele za waimbaji wa enzi zile!

Kumbe Keiko alishachagua. Wimbo wa kuagana. Mwanamume anaondoka kwao kwa treni ya alfajiri, hageuki nyuma. Mzuri. Unaua.

Nikakataa. Mimi nilitaka ule wa muuza tambi anayesukuma mkokoteni wake na kujisifu mtaa mzima. Kabeya huuimba mikono juu, tumbo mbele.

Keiko akasema mtu anapoondoka muage vizuri, usijitie huoni. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma zaidi. Nikamwambia haondoki mtu hapa, anakatwa tezi. Kijapani changu kikikasirika kinakuwa cha sokoni. Akaanza kurudisha kaseti kisandukuni. Chai ikapoa.

Hakunisindikiza stesheni. Mara ya kwanza. Nimelia kwenye treni, kwa hasira tu.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemweleza Nasra wakati anakula. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: si mumwulize mwenyewe? Nimechukia. Binti yangu ana akili ya kuudhi.

Lakini Kabeya kaniomba mimi. Hakumwomba Keiko, hakumwomba mkewe.

Nimejaribu kuusikiliza ule wa treni. Sikufika kiitikio. Najua kwa nini. Suleiman sikumuaga. Alitoka asubuhi kwenda kazini, nikamwambia akirudi alete maziwa. Basi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, maziwa. Sitaki kuambiwa na mtu namna ya kuagana.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimempigia Keiko. Nikamtaka radhi, naye akanitaka radhi, tukashindana kuomba radhi kama Wajapani wawili mlangoni. Kisha tukafanya ujinga. Tukampigia Kabeya, simu moja watu watatu, tukamweleza tulichobishania.

Akatusikiliza hadi mwisho. Halafu:

"Munanizika? Minakwenda hospitali, siyo makaburini!"

Akakata. Hana tabia hiyo.

Sikula. Baada ya magharibi kaleta ujumbe. Jumamosi atakuja. Neno la zaidi hakuna.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimerudi. Niandike kabla sijapoa.

Tulichukua chumba cha mchana, kile kidogo chenye sofa iliyochanika. Kabeya alikaa pembeni, skafu shingoni, kikombe cha maji ya moto na asali mkononi. Hakunitazama. Keiko akaimba, akakosea. Mimi nikaimba, nikakosea zaidi. Tulikuwa kama watoto waliogombezwa.

Hadi hapo sijaamua. Nilikuwa nafunua kitabu cha nyimbo tu, nipate pa kuweka macho. Nikaukuta wimbo wa bwenini. Vijana waliohama kwao, wanapika wali sufuria moja, wanagombania ukoko. Hakuna anayeondoka. Hakuna anayejisifu. Tulikuwa hatujauimba miaka. Nikaweka kidole, nikamsogezea Kabeya.

Akasoma jina. Akaendelea kulitazama.

"Osaka tulikuwa tunaimba huu tukiosha sahani," alisema. Akavua skafu.

Ubeti wa kwanza aliubeba peke yake. Sauti yake ile kubwa, ukuta ulitetemeka. Ubeti wa pili, pale unapopanda, sauti ikakatika. Hewa tu. Alisimama mdomo wazi, maneno yakaendelea kupita kwenye kioo bila mtu wa kuyaimba. Nikaingiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza. Keiko akaushika mstari. Mimi nikaushika uliofuata. Kwenye kiitikio Kabeya akarudi, chini kidogo, lakini akarudi.

Ukaisha.

"Tena," alisema.

Tukaimba tena. Na tena. Mpaka msichana wa mapokezi akagonga mlango, muda umekwisha, nje wengine wanangoja. Kabeya uso umelowa.

"Umechagua weye, na bado minalia," aliniambia. "Bure kabisa."

Keiko alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 17 Oktoba

Leo.

Nimeharibu zipu mbili. Saa za asubuhi hazikwenda. Mara mlango ukafunguka, Keiko, kaja kwa treni bila kuniambia. Akakaa kwenye kigoda, akawa ananiokotea pini zilizoanguka.

Alasiri mkewe Kabeya kapiga. Katoka salama. Uvimbe wote umetolewa. Hasemi bado.

Alhamdulillahi. Keiko akasema neno lake la Kijapani la shukrani, akainama mbele ya cherehani.

Jumatatu, 22 Oktoba

Kabeya karudi nyumbani tangu Ijumaa. Ananong'ona tu. Mkewe anasema hataki wageni, hataki muziki. Redio ya jikoni kaizima mwenyewe.

Nimechoma mkate wa kumimina, nimemwachia mkewe mlangoni. Nilisikia mtu akitembea ghorofani. Hakushuka.

Sikumlaumu. Imeniuma lakini.

Jumapili, 4 Novemba

Baridi kweli sasa. Nilikuwa nakunja nguo, simu ikalia, namba nisiyoijua. Mwanamume. Sauti ya chini, inakwaruza.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

Akakohoa kwanza.

"Ni miye."

Wallahi sikumtambua. Miaka yote hii. Nikakaa kwenye ngazi, nguo mapajani. Akasema anatumia simu ya nyumbani. Akasema daktari kamwambia itatengemaa kidogo, lakini kule juu haitafika tena. "Njo hii sauti yangu sasa, dada Salma," akasema, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

Nikamwambia aseme tu, aseme lolote.

Akasema kaseti zake ziko mbele yake. Anatafuta za wazee, wale wa sauti nzito, ambao ujanani tuliwaruka. Akaanza kunisomea majina, moja baada ya jingine. Mimi nasema ndiyo, au siyo. Kwenye wimbo mmoja tukabishana, nikamwambia huo wa walevi, akasema si wa walevi, ni wa mvuvi mwenye homa. Alikuwa anapumzika kati ya majina, namsikia akimeza mate kwa shida.

Nasra alipita, akanitazama nimekaa ngazini, akaniletea shali bila kuuliza.

Aliposoma kaseti ya mwisho nilikuwa nimeanza kuizoea ile sauti mpya.