Mwenge wa Karatasi za Mapichi

Kwa kaka yangu mpendwa Masanobu,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani. Zitakufikia zikiwa na unyevu, maana mvua za mwezi wa sita zimekaza na tangu wiki iliyopita hakijakauka hata kitambaa cha mezani. Natumaini zitakukuta salama, wewe na wifi Ivone, na wanangu wote pamoja na watoto wao. Habari za Brazili tunazisikia redioni kila asubuhi, na msomaji akifika kwenye idadi ya waliofariki mimi huzima nikatoka nje kuangalia miti yetu ya mapichi. Niambie ukweli, umeshachanjwa? Kifua kinasemaje? Wifi bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima, ni magoti tu yananilalamikia. Mama naye mwili wake ni mzima. Hayo mengine nitayasema polepole.

Utashangaa kupata barua wakati tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Lakini kwenye simu wajukuu wako hujipanga nyuma yako kunichungulia, na lile sikio lako la kushoto husikia linachotaka. Nina jambo ambalo siwezi kulisema kwa kupiga kelele, tena mbele ya watoto wanaocheka meno yangu.

Unakumbuka nilipokuambia nimechaguliwa kukimbiza mwenge wa Olimpiki. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema mwanamke wa umri wangu hakimbizi mwenge, mwenge ndio utamkimbiza yeye. Halafu siku ya pili ukapiga tena, ukasema umekata tiketi ya ndege, unakuja kuniona nikianguka. Sijawahi kukuambia nilivyofurahi. Mara zote mbili ulizorudi ulikuja kwa mazishi, ya bibi na ya baba, na safari hii ungekuja kwa mtu aliye hai.

Kipande changu kilikuwa cha mita mia mbili kwenye barabara kuu, kuanzia duka la vifaa vya kilimo hadi kona ya posta, na katikati yake ndipo ilipo nyumba ya wazee anapoishi mama. Sikuomba kipande hicho. Walinipangia tu, nami niliposoma barua yao nilikaa chini jikoni nikalia. Wakati ule bado tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kwa mama. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia kwamba mwenge utapita mbele ya dirisha lake. Akaniuliza kama Masanobu atakimbia. Nikamwambia kaka yuko Brazili, nitakimbia mimi, Fusae. Akasema haya, akala pichi lake, kisha akaniuliza kama Masanobu atakimbia mbele au nyuma.

Wewe Olimpiki ile ya kwanza, ya mwaka wa sitini na nne, unaijua kwa upande wa wanaokimbia. Acha nikusimulie kwa upande wa waliosimama kando ya barabara. Ulikuwa kijana wa sekondari, umo katika kundi la vijana waliousindikiza mwenge, umevaa fulana nyeupe na kibendera mkononi. Mama alinishika mkono, na bibi alikuwa kushoto kwake. Moshi ulipoonekana, bibi akakutanisha viganja kama yuko mbele ya madhabahu ya mizimu, akainama. Na mama, mkwe mwenye adabu, angefanya nini? Akainama naye, tena chini kabisa, na hakuinuka mpaka bibi alipoinuka. Mimi nilikuwa mfupi na sina adabu, kwa hiyo nilikuona. Mama alipoinua kichwa mlikuwa mmeshapita, imebaki migongo tu, na migongo ya fulana nyeupe yote ni mamoja. Aliniuliza yupi ni wewe, nikamwonyesha, lakini najua hakukutambua. Jioni akiwa anaosha mchele akasema, kama anauambia mchele wenyewe, "Moto nimeuona. Mtoto sikumwona."

Miaka michache baadaye ukapanda meli ya Brazili kwenye bandari ya Kobe. Sikulaumu. Shamba lilikuwa dogo na wewe ulitaka pa kunyoosha miguu. Lakini mama tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kukaa upande wa nyumba unaotazama barabara, na mimi nikawa mtu wa kumwita aje kula.

Basi ukaja ugonjwa huu. Mashindano yakasogezwa mwaka mzima, ndege yako ikafutwa, kisha mipaka ikafungwa kwa wenye pasi za huko kwenu, kisha daktari wako naye akatia neno lake. Nyumba ya wazee ikafunga mlango. Tukawa tunaonana na mama kupitia kioo, mimi nimesimama bustanini na simu yangu, yeye ndani kwenye kiti cha magurudumu, mhudumu akimshikia simu sikioni. Mhudumu huyo anaitwa Nagisa, binti mcheshi mwenye nywele fupi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mama anataka kuchanwa nywele kila siku baada ya chakula cha mchana, kisha asogezwe dirishani, kwa sababu kuna mtu atapita. Nagisa alidhani mama ananisubiri mimi. Nilimwacha adhani hivyo. Nilipenda hata mtu mmoja duniani adhani hivyo.

Nikafanya mazoezi. Shigeko, yule jirani yetu wa shamba la chini, aliniona nikipanda kilima mbio huku nimeinua figili refu jeupe, maana uzito wake ni karibu sawa na wa mwenge. Akaniita toka juu ya ngazi yake aliyoiegemeza mtini, "Wewe mama, unakwenda Olimpiki au unakwenda kupika supu?" Nikamwambia nakwenda kote kuwili. Tangu siku hiyo kila nikipita anauliza kama supu imeiva.

Mwezi uliopita, tukiwa katikati ya kazi ya kuvalisha mapichi mifuko ya karatasi ya kuyakinga na wadudu, wakatutangazia kwamba katika mkoa wetu mwenge hautapita barabarani. Hospitali zimejaa, watu wasikusanyike. Wakimbiaji tukutane uwanjani, tuwashiane moto, basi. Sikubishana na mtu. Mume wa Shigeko alikuwa amelazwa kwa ugonjwa huo huo, ningebishana kwa mdomo gani? Ila nilikaa juu ya ngazi yangu na mfuko wa pichi mkononi, nisijue niufunge kwenye tunda lipi.

Siku yenyewe nilivaa ile sare nyeupe yenye mkanda mwekundu begani. Uwanjani walitupanga kwenye alama, kila mtu mbali na mwenzake. Spika ikatuambia tupige makofi tu, sauti hairuhusiwi. Jirani yangu kwenye foleni alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, na alikuwa amejiandaa miaka miwili. Moto ulipomfikia alichezesha miguu pale pale alipo, akanyanyua magoti juu kabisa, uso umekaza, asisogee hata hatua moja. Hakuna aliyecheka. Kisha akaugeukia mwenge wangu, akauinamisha wake, moto ukaruka. Nikausimamia kidogo, nikaupokeza kwa aliyenifuata, akaja kijana akaufunga gesi. Ndiyo hivyo, kaka. Mtu aliyekimbia mlima mzima na figili hakukimbia hata kidogo.

Mwenge wenyewe waliniruhusu kuchukua, bila moto wala gesi. Nikauweka kwenye pikapu yangu ya kubebea matunda, nikaondoka. Nilikusudia kwenda nyumbani. Nilipofika njia panda, mikono ilikata kushoto yenyewe, kuelekea mjini, nikamkuta Shigeko anatoka hospitali kupeleka nguo za mumewe. Akaniangalia nilivyovaa, akauangalia mwenge, akasema, "Hebu niambie hujamaliza." Nikamwambia sijaanza. Akapanda.

Nikampigia Nagisa. Akasema itabidi amuulize mkuu wake, na mkuu atakataa. Kisha akasema kwamba barabara si mali ya nyumba ya wazee, na kwamba kufungua mapazia ni sehemu ya kazi yake.

Kwenye duka la vifaa vya kilimo Shigeko aliniambia mwenge usio na moto ni bomba tu. Akachomoa mfukoni mwa aproni yake ile mifuko ya karatasi ya mapichi, ile ya rangi ya chungwa, akaikunjua, akaichomeka kwenye mdomo wa mwenge mpaka ikasimama. Kisha akavuka barabara, akasimama mbele ya nyumba ya wazee peke yake na barakoa yake, awe ndiye umati.

Nikakimbia. Magari mawili yakapunguza mwendo, dereva mmoja akanipungia. Karatasi zilikuwa zinacheza na upepo juu ya kichwa changu, makofi ya Shigeko nikiyasikia kabla sijamfikia. Na dirishani alikuwepo mama, nywele zimechanwa. Nilikuwa na hofu moja tu, kaka, kwamba atainama. Hakuinama. Alishika kingo za kiti akasimama, yeye ambaye Nagisa na mwenzake humnyanyua kwa kumshika kwapa. Alisimama akanitazama nikija, kutoka mwanzo hadi nilipofika mbele ya kioo chake.

Nagisa akamwekea simu sikioni. Mama akaweka kiganja kwenye kioo, nami nikaweka changu upande wa pili. Akasema, "Masanobu. Umerudi."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Ningeweza kuvua barakoa. Ningeweza kusema ni mimi, Fusae, kama nilivyosema kila wiki. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, kaka, sijawahi kuuona hivyo tangu nizaliwe. Nikamjibu kama anavyojibu mtoto yeyote anayevua viatu mlangoni. Nikasema, "Nimerudi, mama."

Akasema, "Karibu nyumbani." Akasema nimekonda. Akaniuliza kama huko nilikokuwa wanapika wali. Kisha akasema, "Safari hii nimekuona unakuja. Ile ya kwanza nilikuona unakwenda." Nagisa alikuwa amegeukia ukutani.

Usiku ule nililala vizuri, nakiri. Niliona nimekupelekea mzigo uliokushinda kuubeba kwa sababu ya mipaka na kifua. Wiki iliyofuata nikaenda tena, na nguo zangu za shamba, kofia yangu ya majani, mikono imejaa vumbi la mapichi. Mama alifurahi sana kuniona. Aliniita Masanobu. Nikavua barakoa, nikamwambia ni Fusae. Akacheka kwa adabu, kama anayechezewa na mgeni, akaniuliza, "Fusae yuko wapi? Mwambie aache hayo mapichi. Kaka yake amerudi, yeye bado anazunguka."

Nagisa anasema mama hakai tena dirisha la barabarani. Ameomba kiti chake kigeuzwe, kitazame dirisha la nyuma, lile linaloonyesha mlima wetu. Bado anataka kuchanwa nywele baada ya chakula cha mchana. Anamwambia kila mtu kwamba binti yake atashuka kutoka shambani muda wowote.

Kaka, sikuwahi kukuambia hili, maana haina maana kumwonea wivu mtu aliye mbali. Maisha yangu yote nilitamani mama anisubiri mimi, hata kwa nusu saa, hata nikichelewa kutoka dukani. Lakini mtu asiyeondoka hasubiriwi. Mimi nilikuwepo tu, kama sufuria. Na sasa ananisubiri, kwa moyo ule ule aliokusubiri wewe, na mimi nimesimama mbele ya kioo chake, nimebeba mapichi ya kwanza ya msimu, na siwezi kufika.

Wanasema mashindano yatafanyika mwezi ujao, viwanja vitupu. Nitayaangalia kwenye televisheni pamoja na Shigeko, ambaye mumewe amerudi nyumbani, dhaifu lakini mkorofi vilevile. Wewe, siku mipaka ikifunguliwa, usingoje mazishi. Njoo. Hata kama mama hatashangaa kukuona, kwa sababu kwake umesharudi, njoo usimame mahali pako pale mbele ya kioo, na umjibu kwa sauti yako akikuita. Mimi nitapita njia ya nyuma. Nitashuka mlimani, na wewe utamwonyesha kwa kidole, kama nilivyomwonyesha mgongo wako siku ile. Kisha na mimi nitasema nimerudi.

Nisalimie wifi, mwambie mbegu za maboga alizonitumia zimeota zote. Wabusu wajukuu, waambie bibi yao wa huku mlimani bado ana meno manane yake mwenyewe. Shigeko anakusalimu, anasema alikuwa anakupenda ulipokuwa na nywele. Jifunike kifua, huko sasa ni baridi.

Ni mimi mdogo wako anayesubiriwa,

Fusae