Kidole Gumba cha Mguu

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigomea, na fimbo bado sitaki. Vipi wewe, na mjukuu wetu hapo wodini? Nasikia jana alikunywa uji akaomba mwingine. Wakishamtoa ule mpira wa kutolea usaha ubavuni, atakimbia.

Kazi yangu unaijua, kulala. Cheka tu. Mwaka wa tatu huu wanafunzi wa udaktari na madaktari wanaosomea tiba ya watoto wanajifunza altrasaundi juu ya mwili wangu. Mwalimu wao alisema hajaona ini linaloonekana vizuri kama langu. Nikamwambia nalijua. Wananipaka jeli ya baridi, wanatelezesha kile kidude, nami naangalia skrini pamoja nao. Shule niliishia darasa la tatu, lakini figo naijua, na pale chini ya pafu ambapo maji yakijaa huonekana meusi, napajua kuliko wao. Mwalimu huniambia ninyamaze, leo mimi ni mgonjwa. Kuninyamazisha mimi!

Sasa yule binti daktari. Umeapa kwamba Alhamisi mbele ya wakubwa wa hospitali utataka afukuzwe, maana alimpima mtoto kifua kwa altrasaundi akasema ni safi, mkarudi nyumbani, na siku ya tatu mtoto akawa anatweta, midomo imebadilika rangi. Una haki. Mimi pia nilimsema vibaya, ukanisikia.

Nilikuwa najificha, mdogo wangu. Nimefika mlango wa wodi mara mbili nikageuka, ndiyo maana naandika.

Binti yule alikuwa ameshafeli mara mbili mtihani wa kunipima mimi. Mara ya tatu alinipaka jeli mara mbili hata kabla mwalimu hajaingia. Nikamnong'oneza, “Tazama mguu wangu. Ukifika penyewe, nakunja kidole gumba.” Akafaulu vizuri sana. Na si yeye peke yake, wengi nimewavusha hivyo, nikawa najiita mwalimu wa walimu. Kumbe hawakujifunza kutafuta, walijifunza kuangalia kidole changu. Kwa mjukuu wetu hapakuwa na wa kumkunjia kidole, akaweka kidude chini mno, usaha ukampita. Ameulizwa mara mbili alifauluje. Hajanitaja.

Leo asubuhi nimemwambia mwalimu. Hakufoka. Alikaa, akafungua daftari la waliofaulu, akawa ananisomea majina, huyu je, na huyu? Wengine sikuwakumbuka. Wengine wako mbali, wanapima watoto wa watu.

Alhamisi isome barua hii mbele yao, yote, hata ninapojisifu. Nitakuwa kwenye benchi la nje. Ukimaliza, kama mimi bado ni kaka yako, fungua mlango uniite. Usipofungua, nitaingia hivyo hivyo niseme mwenyewe, halafu sitakusumbua tena.

Mbusu mtoto shavuni kwa niaba yangu, na wewe ule, usishinde na chai tu.

Ni mimi,
kaka yako mkubwa