Ukuta wa Nta wa Mayala

Semeni, niko kwa jirani nimejifunika kanga kichwa kizima. Usicheke!

Si unajua mume wangu mhandisi, Mayala, alijaza nta ya nyuki kwenye ukuta wa nyumba ya bibi yake huku Urambo? Eti mchana nta iyeyuke inywe joto, usiku igande ilirudishe ndani. Bila umeme! Akachanganya na mawese iyeyuke upesi.

Leo kaita wageni waje kuushangaa.

Wameshangaa kweli.

NYUKI, Semeni! Kundi zima limehamia kwenye nyufa. Mwenyekiti wa kijiji kakimbia kaacha kiatu.

Nyuki!! Mtu kazaliwa Tabora, kasoma mpaka basi, hajui nta ndiyo tunayopaka mizinga ili nyuki waje?

Bibi yake huyo, Paskazia, aliyefuga nyuki wa kijiji enzi za Ujamaa, ndiye pekee hajaumwa. Mayala, jicho limevimba, anamuuliza, "Bibi, hawa wataondoka lini?"

Bibi akamjibu:

"Mimi nililetwa hapa kwa nguvu na lori la Operesheni Vijiji, mwaka sabini na nne. Hata ukuta sikuukuta. Nimeondoka? Sembuse hawa, waliokuta nyumba imepakwa nta!"